Namna ya Kuwapata Wahuishaji wa Kujitegemea na Filamu Zao Fupi

Mtu akiandika neno "katuni" kwenye kisanduku cha kutafutia, aghalabu huletewa kile kilichokwisha kutazamwa na mamilioni ya watu kabla yake. Mashine haina kosa hapo, kwa kuwa imeundwa kupendekeza vitu vinavyofanana na ulivyokwisha kuviona. Tatizo ni kwamba filamu ya uhuishaji, yaani ya picha zilizotengenezwa moja moja zikapewa mwendo, ya dakika saba iliyochorwa na mtu mmoja chumbani mwake kwa miaka miwili haifanani na chochote, na kwa hiyo ni nadra kukufikia yenyewe. Wewe ndiye utakayeifuata. Ushauri wangu mkuu kuhusu namna ya kuifuata nautoa mapema: unapoipenda filamu, andika jina la aliyeitengeneza, kwa sababu filamu ile itakwisha baada ya dakika chache, ilhali mtengenezaji wake ana nyingine alizozifanya kabla yake, na huenda hivi sasa anachora inayofuata.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Gints Zilbalodis wa Latvia. Mwaka 2012, akiwa bado kijana mdogo, alitoa filamu fupi iitwayo "Aqua", inayomhusu paka aliyejikuta baharini na ambaye hana budi kuishinda hofu yake ya maji. Akaendelea na filamu fupi nyingine, kisha mwaka 2019 akatoa filamu ndefu, "Away", aliyoitengeneza peke yake kuanzia picha hadi muziki. Mwaka 2024 ikaja "Flow": paka tena, maji tena, ila safari hii alikuwa na timu, na kazi ilifanywa kwa Blender, programu ambayo yeyote anaweza kuipakua bila malipo. Machi 2025 ikatwaa tuzo ya Oscar ya filamu ndefu ya uhuishaji. Wengi waliuliza huyu ametokea wapi, lakini aliyekuwa ameliandika jina lake tangu yule paka wa kwanza alikuwa akimfuatilia kwa zaidi ya miaka kumi.

Kabla ya kuanza kutafuta, inafaa tuelewane kuhusu neno "kujitegemea", maana hutumiwa ovyo. Wapo wanaodhani kwamba mhuishaji wa kujitegemea ni yule asiye na fedha. Lakini baadhi ya filamu fupi zilizo bora kabisa zimelipiwa na taasisi za umma, na waliozitengeneza walikuwa na mshahara. Kwa maoni yangu kinachohesabika ni nani mwenye kauli ya mwisho juu ya kila picha. Kuhusu urefu, waandaaji wa Oscar huihesabu filamu kuwa fupi isipozidi dakika 40 pamoja na majina ya mwishoni, lakini nyingi utakazokutana nazo hazifiki hata nusu ya hapo, na sababu yake ni hesabu tu. Sekunde moja ya filamu ina fremu 24, yaani picha 24 zinazopita mfululizo. Mchoraji akiutumia kila mchoro kwa fremu mbili, kama ilivyo desturi, atahitaji michoro 12 kwa sekunde, yaani michoro 3,600 kwa dakika tano. Akimaliza michoro 20 kwa siku, bila kuugua wala kupumzika, amekwisha kutumia siku 180 na bado hajagusa rangi wala sauti.

Mahali pa kwanza pa kutafutia ni orodha za matamasha. Kuna tamasha la Annecy nchini Ufaransa, lililoanza mwaka 1960, la Zagreb nchini Kroatia, lililoanza mwaka 1972, na la Ottawa nchini Kanada, lililoanza mwaka 1976. Huhitaji tiketi wala safari, kwani matamasha hutangaza kwenye tovuti zao filamu zilizochaguliwa, pamoja na jina la mwongozaji, nchi, urefu, na mara nyingi picha moja au mbili. Watu wengi huruka moja kwa moja hadi kwa washindi, na hapo ndipo wanapokosea. Jopo la majaji ni watu wachache wenye ladha zao, ambao wamekaa pamoja kwa siku kadhaa wakabishana; filamu itakayokugusa wewe inaweza kuwa ya kumi na tisa katika orodha, isiyopata hata cheti. Fungua orodha nzima, tazama zile picha moja moja bila kusoma maelezo, na uandike majina ya wale ambao mchoro wao umekufanya usite. Kisha rudi nyuma miaka mitano, kumi, ufanye vivyo hivyo. Jina linalojirudia katika miaka tofauti ni la mtu anayedumu katika kazi hii, na wa namna hiyo ni wachache.

Usilipite kundi la filamu za wanafunzi, ambalo Annecy na matamasha mengine hulitenga peke yake. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho ana kitu ambacho huenda asikipate tena maishani, yaani muda mrefu wa kufanya filamu isiyomlazimu kumpendeza mteja. Baadhi ya vyuo, kikiwemo Gobelins cha Paris, huweka filamu za wahitimu wao kwenye YouTube, na kuzitazama za mwaka mmoja mfululizo humpa mtu picha nzuri ya kizazi kinachokuja. Orodha ya Oscar, ambayo huanza na filamu fupi 15 kisha zikabaki tano, nayo inafaa, ingawa mimi huitazama mwisho, kwa kuwa filamu zikifika huko zinakuwa zimekwisha kusemwa kila mahali.

Ukishapata majina, utagundua kwamba filamu mpya nyingi hazipatikani mtandaoni. Usikate tamaa. Filamu fupi huzungushwa kwanza katika matamasha kwa mwaka mmoja au miwili, na baadhi ya matamasha hayapendi kuipokea iliyokwisha kuwekwa hadharani, kwa hiyo mwenyewe huificha mpaka mzunguko uishe. Weka alama kwenye kalenda na urudi baadaye. Wakati ukisubiri, kuna hazina iliyo wazi: bodi ya taifa ya filamu ya Kanada, iliyoanzishwa mwaka 1939, ina idara ya uhuishaji ambayo Norman McLaren aliiasisi baada ya kujiunga nayo mwaka 1941, na sehemu kubwa ya kazi za miongo hiyo yote inatazamwa bure kwenye tovuti yake. Kwa kazi za karibuni, tovuti ya video ya Vimeo ina sehemu ya filamu zinazochaguliwa na wafanyakazi wake, na tovuti ya Short of the Week huchagua filamu fupi na kuziandikia maelezo ya mtu aliyezitazama kwelikweli. Pote huko kuna binadamu aliyekaa akachagua, na ndiyo maana napendekeza uanzie huko.

Sasa tuje kwenye majina ya mwishoni, yale ambayo mashine hujaribu kuyapunguza yawe dirisha dogo pembeni ili ikuanzishie video nyingine. Zima kipengele hicho cha kuendeleza video zenyewe, kisha usimamishe picha kila baada ya sekunde chache na usome. Mwongozaji utamwandika kwa vyovyote, lakini mwandike pia aliyetengeneza sauti, aliyechora mandhari na kampuni iliyosambaza, kwa sababu kila mmoja wao ni njia ya kukufikisha kwa wengine. Msambazaji wa filamu fupi moja uliyoipenda ana nyingine kumi za ladha ile ile. Majina ya mwishoni pia hurekebisha dhana potofu ya kwamba mtu mmoja ndiye aliyefanya kila kitu. Filamu ya kalunguyeye aliyepotea katika ukungu, "Hedgehog in the Fog" ya mwaka 1975, husifiwa kwa jina la mwongozaji wake, Yuri Norstein, lakini michoro yake ni ya mkewe, Francesca Yarbusova. Anayemtafuta Norstein peke yake amepata nusu ya habari.

Filamu hiyo hiyo inafaa kutumiwa kujifunza kutazama. Itazame mara ya kwanza bila kusimamisha, kwa kuwa ina dakika kumi tu. Mara ya pili zima sauti, ufike pale kalunguyeye anapoingia ukunguni, na ujiulize ule ukungu umetengenezwa kwa kitu gani, kwani unasogea, unafumba na kufumbua kama kitu chenye pumzi. Jibu ni karatasi nyembamba sana. Iliwekwa juu ya mchoro, kisha ikainuliwa taratibu kuelekea kwenye kamera, fremu baada ya fremu, hata kila kilicho nyuma yake kikafifia na kugeuka cheupe. Ukishalijua hilo utaanza kuiona mikono ya watu katika kila filamu. Mara ya tatu fumba macho, usikilize sauti peke yake. Ukifanya hivyo kwa "World of Tomorrow" ya Don Hertzfeldt, iliyotoka mwaka 2015, utatambua kwamba sauti ya mtoto aliye mhusika mkuu haina hata chembe ya uigizaji: ni ya mpwa wake wa miaka minne, aliyerekodiwa akicheza na kuchora, kisha hadithi ikaandikwa kuyazunguka maneno yake. Watu wa Hertzfeldt ni vijiti vyenye vichwa vya mviringo, na bado nimewaona watu wazima wakifuta machozi mbele yao.

Njia nyingine ya kufuata ni ufundi wenyewe, hasa ule ambao ni wachache duniani wanaoutumia. Katika miaka ya 1930, Alexandre Alexeieff na Claire Parker walibuni ubao uliochomekwa pini maelfu kwa maelfu, unaomulikwa kutoka upande mmoja. Pini ikisukumwa nje hutoa kivuli kirefu, ikirudishwa ndani kivuli hufupika, na vivuli hivyo kwa pamoja ndivyo vinavyokuwa picha. Bodi ya Kanada ikanunua ubao mmoja wa aina hiyo, Jacques Drouin akaufanyia kazi kwa miaka mingi, na baadaye Michèle Lemieux akaupokea, akatoa filamu yake mwaka 2012. Ukiufuata ubao huo tu umekwisha kupita katika kazi za karibu miaka 80. Fanya hivyo hivyo kwa mchanga juu ya kioo, ambako utamkuta Caroline Leaf, au kwa rangi ya mafuta juu ya kioo, ambako utamkuta Aleksandr Petrov, anayechora kwa ncha za vidole.

Lazima niseme pia kwamba orodha za matamasha makubwa zimeelemea Ulaya, Amerika ya Kaskazini na Japani, na asiyelijua hilo atadhani kwingineko hakuna kitu. Mwaka 1966 Moustapha Alassane wa Niger alikwisha kutoa "Bon Voyage Sim", filamu ya chura aliye rais, na mwaka 2012 Ng'endo Mukii wa Kenya alichanganya michoro, watu halisi na dansi katika "Yellow Fever", inayohusu uzuri na rangi ya ngozi. Filamu fupi ya uhuishaji iliyopata Oscar mwaka 2025, "In the Shadow of the Cypress", ni ya Wairani wawili, Shirin Sohani na Hossein Molayemi. Kwa hiyo unapoipitia orodha, isome pia kwa nchi, na kila unapoiona usiyoitarajia, anza na hiyo.

Kuhusu kuhifadhi unachokipata, nina funzo la gharama. Kwa muda mrefu nilihifadhi viungo tu, bila jina wala maelezo, na siku nilipotaka kumwonyesha rafiki filamu moja ya mwanamke anayeshona bahari kwa uzi, kiungo kilikuwa kimekufa na sikuwa na neno lolote la kuitafutia. Sijaipata hadi leo. Sasa nina daftari la karatasi, na kwa kila filamu naandika mwongozaji, mwaka, nchi, ufundi, na sentensi moja ya kitu nilichokiona kwa macho yangu: "karatasi inainuka, ukungu unatanda." Maneno kama "nzuri sana" hayatakusaidia baada ya miezi sita.

Mwisho, mwandikie mhuishaji. Wengi wao wana tovuti yenye anwani ya barua pepe, na barua za watazamaji si nyingi kama unavyodhani. Taja filamu, taja picha moja iliyokukaa, kisha uliza swali moja tu, mathalani ni kazi za nani anazozitazama yeye. Jibu la swali hilo hukupa majina ambayo hungeyapata katika orodha yoyote. Kama filamu unayoitaka bado imefichwa, uliza kwa adabu iwapo kuna namna ya kuitazama, na ukipewa kiungo chenye nenosiri, usimpe mtu mwingine. Kama anauza filamu hiyo au michoro yake, nunua kabla ya kuomba.