Kumrekodi domodomo: waya mbili, beseni na laptopu

Wengi wetu kanda ya ziwa samaki domodomo tunamjua akiwa kwenye sufuria. Akiwa hai anatoa mapigo ya umeme mchana na usiku kutoka kwenye kiungo kilicho karibu na mkia. Ni hafifu mno: ukimshika hupigwi shoti wala husikii chochote. Kwa mapigo hayo anapapasa njia gizani na kuzungumza na wenzake. Ukiwa na vifaa vya bei ndogo unaweza kuyasikia, kuyachora, na kuona kwenye mchoro nani amekuwa akiyasikiliza kwa maelfu ya vizazi: jike, jirani na kambare.

Hatua ya 1: Samaki

Omba kwanza kibali cha uvuvi cha eneo lako. Chukua samaki wa mgono, si wa nyavu, kwa sababu aliyenaswa kwenye wavu hufika amechubuka na mapigo yake yamefifia. Mweke kwenye beseni la plastiki lenye maji ya palepale alipovuliwa. Usiongeze ya bomba: chumvi za maji zikibadilika, pigo nalo hubadilika. Zamisha kipande cha paipu ya PVC kilichotobolewa matundu. Ataingia mwenyewe na kutulia, na samaki aliyetulia ndiye tunayemtaka.

Hatua ya 2: Elektrodi

Mimi natumia vijiti vya kaboni vya betri kuukuu za tochi, vilivyosuguliwa vizuri kwa msasa. Unganisha kila kijiti na waya wenye ganda, kisha ziba kiungo kwa gundi ya moto ili maji yaguse kaboni tu. Elektrodi moja ikae mbele ya paipu, nyingine nyuma. Ile ya upande wa kichwa ifunge utepe mwekundu. Usicheke. Mwaka wa kwanza nilirekodi usiku mbili mfululizo bila utepe, na nusu ya mafaili yalitoka kichwa chini, miguu juu. Sikuweza kujua ni yapi, nikayafuta yote.

Hatua ya 3: Sikiliza kabla ya kurekodi

Peleka waya kwenye amplifaya ndogo ya betri yenye spika. Utasikia ta… ta, ta… ta, kama mtu anayegonga meza kwa kucha huku akiwaza jambo. Sogeza mkono taratibu kwenye beseni: kasi itapanda, tatatatata. Gonga beseni kwa nguvu, huenda akanyamaza kabisa. Hapo tayari umekutana na nusu ya lugha yao, yaani nafasi kati ya pigo na pigo. Hiyo hubadilika kila dakika kufuatana na hali ya samaki. Nusu ya pili ni sura ya pigo lenyewe, na hiyo sikio halitakupa.

Hatua ya 4: Rekodi

Ingiza waya kwenye tundu la laini (line in) la kadi ya sauti ya nje, si la maiki, kwa kuwa tundu la maiki hutoa umeme wake kidogo na kuupeleka majini. Laptopu iendeshwe kwa betri. Ikiwa kwenye chaja utapata mngurumo wa umeme wa ukutani, na isitoshe, kifaa kilichochomekwa ukutani hakina biashara karibu na beseni la maji.

Kasi ya sampuli, yaani mara ngapi kwa sekunde kadi inapima umeme, ndipo wengi hujikwaa. Chukua pigo la sehemu 0.3 ya milisekunde. Kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, pigo hilo linapata nukta 13 tu, mchoro wa mtoto wa chekechea. Kwa 192,000 linapata zaidi ya 50, na vijibonde vyake vinaonekana.

Kisha mtoe samaki na upime mfumo wako. Tumbukiza majini waya mbili za betri ya volti 1.5, chanya ikiwa upande wa utepe mwekundu. Mstari ukiruka juu, mwelekeo uko sawa. Tazama pia kinachofuata: kama unaporomoka kurudi sifuri ilhali betri bado imo majini, kadi yako inakata mabadiliko ya polepole. Kadi nyingi hufanya hivyo, na pigo refu la upande mmoja, yaani linalopanda juu tu bila kushuka chini ya sifuri, litachorwa na bonde la uongo nyuma yake.

Hatua ya 5: Joto

Pima joto la maji kila unaporekodi. Maji yakipata joto, pigo hufupika. Wengi hurekebisha hadi nyuzi 25 kwa kizidishi cha 1.5 kwa kila nyuzi 10, kwa hiyo pigo lililopimwa kwenye nyuzi 27 unalizidisha kwa takriban 1.08. Usiporekebisha, utatangaza tofauti ya spishi kumbe ni tofauti ya asubuhi na adhuhuri.

Hatua ya 6: Soma mchoro

Weka mapigo ya samaki kadhaa juu ya mchoro mmoja, kilele kwa kilele. Katika jamii ya domodomo pigo la spishi moja huisha ndani ya sehemu ya milisekunde, la nyingine huzidi milisekunde 10. Mto Ivindo, Gabon, una kundi la jamii hiyo liitwalo Paramormyrops ambalo spishi zake nyingi zinafanana kwa umbo lakini kila moja ina pigo lake. Watafiti Carl Hopkins na Andrew Bass walionyesha mwaka 1981, kwa samaki wa huko Gabon, kwamba dume humtambua jike kwa mpangilio wa pigo katika muda. Ukiuvuruga mpangilio huo huku masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde) yakibaki yaleyale, dume haitikii.

Sasa tenganisha madume na majike. Katika spishi kadhaa, dume aliyekomaa hurefusha pigo lake msimu wa kuzaliana, kazi ya homoni za kiume. Iambie programu ya sauti ichore masafa ya pigo refu, halafu ya fupi. Refu limejaa masafa ya chini, na kambare ana vipokezi vya umeme vinavyosikia hasa masafa hayo. Dume anayejitangaza kwa jike anajitangaza pia kwa mlaji wake.

Amerika Kusini wako samaki wengine wa umeme, ukoo mbali kabisa na wa kwetu, ambao waliubuni umeme wao kivyao. Mwaka 1999 mtafiti Philip Stoddard alieleza kwamba wengi wao wameongeza kwenye pigo nusu ya chini inayokaribia kulingana na ile ya juu. Nusu hizo zikilingana, masafa ya chini yanafutana, na mlaji habaki na cha kusikia. Unaweza kulijaribu hilo mezani: nakili pigo lako la upande mmoja, ligeuze juu chini, libandike nyuma ya lile la kwanza, uchore masafa upya. Upande wa kushoto wa mchoro, wa masafa ya chini, utazama mbele ya macho yako.

Ukimaliza, mrudishe samaki pale alipovuliwa, jua likiwa limezama. Nami huacha elektrodi majini dakika chache zaidi, amplifaya ikiwa imewashwa, nisikie kama yuko mwingine karibu atakayemjibu.