SOMO: Zalio la ng'ombe (kondo la nyuma) halijatoka? Weka mikono mfukoni

Kila wiki naulizwa hili hili, tena saa nane za usiku. Naandika mara moja tu.

1. Andika saa ndama alipozaliwa.

2. Mwache anyonye. Kunyonya kunaamsha homoni ya oksitosini, mfuko wa uzazi unabana.

3. Subiri. Wengi hutoa ndani ya saa 12. Zikipita 24, limekwama.

4. USIVUTE. Hapa ndipo nilipoharibu. Ng'ombe wangu wa kwanza nilimvuta kwa mikono miwili hadi likakatika, nikajiona fundi. Siku ya nne harufu ilifika jikoni, maziwa yakakata, na akapandishwa mara tatu bila kushika. Zalio la ng'ombe limeshikwa na vifungo 70 hadi 120, kama vishikizo vya kanzu, na kinachovifungua ni homoni. Ndama aliyekomaa hutoa kortisoli. Projesteroni ya mama inashuka, estrojeni na prostaglandini zinapanda, ndipo gundi ya vifungo inalainika. Ukivuta kabla ya hapo unachana nyama. Wala usining'inize tofali! Kinachoburuta chini kipunguze kwa mkasi safi, basi.

5. Pima joto kila siku, siku kumi. Likizidi 39.5, mwite daktari wa mifugo.

6. Likitoka, lifukie. Mbwa asilile.

MASWALI

— Mkuu, nimevuta kidogo tu, kuna shida?
— Hatua ya 4. Ina herufi kubwa.

— Si nichome oksitosini ya dukani yaishe?
— Oksitosini inasukuma, haifungui vifungo. Tena ukichelewa siku nzima, mfuko hauiitikii sawasawa.

— Samahani mwalimu, wangu alitupa mimba ya miezi saba, zalio likabaki. Vinahusiana?
— Sana, na umeuliza vizuri. Mimba ilitoka kabla homoni hazijalainisha gundi. Pacha nao hukwamisha, maana huwahi. Ila kutupa mimba kunanitia shaka ya brusela, ugonjwa wa bakteria unaotoa mimba: mpimishe damu, vaa glavu ndefu, chemsha maziwa. Binadamu tunaambukizwa.

— Glavu ndefu zimeisha huku kwetu.
— Basi usiguse.

— Wangu kazaa jana, hasimami, masikio baridi, na zalio lipo.
— Acha kuchati. Hiyo ni kalsiamu imeshuka. Misuli haibani, mfuko nao ni msuli. Daktari sasa hivi, zalio baadaye.

— Kaja, kamchoma kalsiamu, kasimama. Zalio bado.
— Saa ngapi alizaa?