Kagua vikomo vya zamani kabla namba hazijajaa

Chagua namba moja muhimu kwenye mfumo wako, tuseme kitambulisho cha oda, uifuate kila inapopita: hifadhidata, msimbo wa seva, ujumbe wa JSON (maandishi ambayo programu hupashana data kwayo), kivinjari, hadi faili analolipakua mhasibu. Kwa kila kituo andika inatunzwa kwa biti ngapi, yaani tarakimu ngapi za 0 na 1. Kituo chenye nafasi finyu kuliko vyote ndicho kinachoamua mfumo utafika wapi, na mara nyingi kimerithiwa kutoka enzi ambazo kila baiti ilikuwa ghali.

Anza na hifadhidata. Katika MySQL na PostgreSQL, programu mbili za hifadhidata, INT (aina ya namba kamili) ya kawaida ni ya biti 32 na inaishia 2,147,483,647. Tafuta MAX(id), yaani kitambulisho kikubwa kuliko vyote, ya kila jedwali. Ikiwa imepita nusu ya kikomo, anza kazi sasa. MySQL ikifika mwisho haisemi kwamba nafasi imekwisha. Inalalamika kwamba 2147483647 imejirudia kwenye ufunguo mkuu (safuwima inayotambulisha kila safumlalo), na watu humaliza usiku kucha wakisaka marudio ambayo hayapo.

Kwenye PostgreSQL, kubadili safuwima iwe BIGINT (namba kamili ya biti 64) kwa amri moja huandika upya jedwali lote likiwa limefungwa. Hata kusoma haiwezekani. Jedwali likiwa kubwa, ongeza safuwima mpya ya BIGINT, weka triga (amri inayojiendesha yenyewe) ya kunakili thamani kwa kila safumlalo inayoingia au kubadilika, kisha nakili za zamani kwa mafungu ya elfu chache. Jenga faharasa ya kipekee (inayozuia thamani kujirudia) kwa CREATE UNIQUE INDEX CONCURRENTLY, halafu badilisha majina ya safuwima hizo mbili ndani ya muamala mmoja, ili yabadilike yote kwa pamoja. Majedwali yanayorejelea ufunguo huo nayo yapanuliwe. Kinachosahaulika zaidi ni mfuatano, yaani kihesabu kinachotoa namba inayofuata: tangu toleo la 10, ule unaoundwa na serial (safuwima inayojipa namba yenyewe) ni wa biti 32 pia. Usipoupanua kwa ALTER SEQUENCE … AS bigint, utakwama palepale pa zamani ingawa safuwima ni pana.

Sasa fika kwenye kivinjari. JavaScript ilianza na aina moja tu ya namba, ya desimali yenye biti 64, na namba kamili ni za kuaminika hadi 9,007,199,254,740,991. Jaribu JSON.parse("9007199254740993"): utarudishiwa 9007199254740992. Hakuna kosa linalotangazwa, na hilo ndilo la hatari, kwa sababu mteja anaweza kufunguliwa oda ya mtu mwingine. Tuma vitambulisho kama maandishi, ndani ya alama za nukuu, tangu toleo la kwanza, hata kama namba zako bado ni ndogo. Kitambulisho hakijumlishwi wala hakigawanywi, kwa hiyo hupotezi kitu. Ukichelewa, badiliko hilo litavunja programu za wote wanaokutegemea.

Muda nao una mpaka. Unix, mfumo endeshi wa kompyuta, huhesabu sekunde tangu 1 Januari 1970, na kwa biti 32 hesabu inajaa 19 Januari 2038, saa 03:14:07 UTC (saa sanifu ya dunia). Sekunde inayofuata inarudi Desemba 1901. TIMESTAMP ya MySQL, aina ya safuwima ya kutunza muda, inaishia hapohapo. Aina nyingine, DATETIME, inafika mwaka 9999, ila haibadilishi saa kufuata ukanda wa saa, kwa hiyo amua kuandika UTC daima. Mkopo wa miaka 20 unaosajiliwa leo tayari umevuka mpaka huo, basi ingiza tarehe 20 Januari 2038 kwenye majaribio yako ya kila siku.

Mwisho ni mafaili. Umbo la .xls, la mafaili ya zamani ya Excel, lina safumlalo 65,536 pekee. Mwaka 2020 huko Uingereza, matokeo karibu 16,000 ya vipimo vya Uviko-19 yalichelewa kuingia kwenye hesabu kwa sababu ya kikomo hicho. Programu yako ihesabu safumlalo kabla ya kuandika faili, ilisome tena na kuhesabu upya, na ikatae kulitoa hesabu zisipolingana.