Jinsi ya Kulinganisha Gharama za Maisha kati ya Oregon na Washington Kabla ya Kuhama

Familia inayotafuta makazi kando ya Mto Columbia, nchini Marekani, hukabiliwa na uamuzi mgumu: Portland iko Oregon, na ng'ambo ya mto iko Vancouver, katika jimbo la Washington. Majedwali ya intaneti yanayotoa alama moja kwa jimbo zima hayasaidii hapa, kwa kuwa yanaichanganya Seattle, ambako nyumba ni ghali mno, na miji midogo ya mashariki. Piga hesabu ya kaya yako mwenyewe, kwa dola za mwezi mmoja.

Hatua ya 1: Anza na mahali pa kazi. Washington haitozi kodi ya mapato kwenye mshahara. Oregon hutoza, na sehemu kubwa ya mshahara wa kawaida huangukia kiwango cha asilimia 8.75. Wengi huhamia Vancouver wakiamini kwamba wameikwepa kodi hiyo, lakini mkazi wa Washington anayefanya kazi Portland huilipa Oregon kodi ya mshahara anaoupata huko. Na mkazi wa Oregon anayefanya kazi Vancouver huilipa vilevile, kwa sababu Oregon humtoza mkazi wake mapato yote, popote yalikopatikana. Anayenufaika kikamilifu ni yule anayeishi na kufanya kazi Washington. Ukiishi Oregon na mwajiri wako yuko Washington, muulize mapema kama ataikata kodi ya Oregon. Asipoikata, weka akiba kila mwezi, maana vinginevyo deni lote litakusubiri Aprili, wakati wa kuwasilisha hesabu za kodi.

Hatua ya 2: Chambua risiti zako. Oregon haina kodi ya mauzo, ilhali Vancouver hutoza karibu asilimia 9. Hata hivyo, usiizidishe asilimia hiyo kwa matumizi yako yote. Chukua risiti za mwezi mzima, uzigawe katika safu mbili: mchele, unga, maharagwe, maziwa na mboga mbichi havitozwi kodi hiyo Washington, ilhali sabuni, viatu, nguo, simu na kuku aliyeokwa anayeuzwa akiwa moto hutozwa. Safu ya pili ikifika dola 600, ongeza takriban dola 54. Kuvuka daraja ili kununua Portland hakumwondolei mkazi wa Washington wajibu wa kisheria wa kulipa kodi hiyo, na gari lililonunuliwa Oregon hutozwa kodi linaposajiliwa Washington.

Hatua ya 3: Tafuta kodi halisi ya pango. Makadirio ya pango ya serikali kuu huihesabu Portland, Vancouver na Hillsboro, mji jirani wa Oregon, kuwa eneo moja, kwa hiyo hayawezi kukuonyesha tofauti ya ng'ambo mbili za mto. Pigia simu wenye nyumba za vyumba sawa pande zote mbili, uwaulize pia kuhusu maji, taka na maegesho, ambavyo mara nyingi hulipiwa kando.

Hatua ya 4: Ongeza usafiri. Madaraja ya barabara kuu ni mawili tu, nayo hufurika magari asubuhi na jioni. Hesabu mafuta, pamoja na saa za ziada za kumlipa mlezi wa watoto.

Hatua ya 5: Hakiki bima ya afya ya serikali. Oregon Health Plan, bima ya Oregon kwa wenye kipato kidogo, haihamii Washington, wala Apple Health, bima kama hiyo ya Washington, haivuki kwenda Oregon. Ni lazima kuomba upya. Kaya yenye mgonjwa wa kudumu iulize utaratibu huo, na kama daktari wake atakubali bima mpya, kabla ya kutia saini mkataba wa nyumba.