Acha nafasi ya mvua

Ukichonga fumbo la vipande vya mbao vinavyokaa kwenye trei ya akriliki (aina ya plastiki ngumu), usivikate vikabana kabisa. Mvua za Machi hadi Mei zikishika Kampala, mbao hunywa unyevu na kutanuka kwa upana, kukatisha nyuzi zake. Kwa urefu karibu haisogei. Akriliki haitanuki nayo, basi vipande hukwama, na mtoto akivilazimisha trei hupasuka pembeni. Niliwahi kurudishiwa moja hivyo, iliniuma sana.

Kwa safu yenye upana wa sentimita 10 mimi huacha milimita 1 hivi. Kadi ya benki ipite bila kusukumwa. Mvule uliokauka vizuri hutulia zaidi. Na karatasi ya kinga iliyobandikwa juu ya akriliki usiibandue mpaka umalize kupiga msasa.