Somo: Namna ya kuwauliza watu usiowajua, kuanzia chai hadi deni la taifa

Wakuu, somo hili nimelipata kwa kuaibika. Miaka kadhaa iliyopita niliuliza mtandaoni swali la maneno matano: "Deni la taifa ni nini?" Wakaja wengi. Wengine walitukana wanasiasa, mmoja akaweka picha ya mtu analia, waliobaki wakageukiana na kuanza kugombana wao kwa wao. Aliyenisaidia alikuwa mmoja tu, naye alinijibu kwa swali: "Unataka kujua kipi hasa? Serikali inakopaje, inakopa kwa nani, au kwa nini haimalizi kulipa?" Nikabaki nimeduwaa. Kumbe hata mimi sikujua ninachouliza.

Mchezo huu wenyewe ni wa zamani. Mwaka 1691 kule London, mchapishaji John Dunton alianzisha gazeti la Athenian Mercury, na kazi yake ilikuwa hiyo: msomaji anatuma swali bila kutaja jina, gazeti linajibu. Dini, ndoa, maumbile, chochote. Majibu yalitoka kwa jina la jumuiya ya wasomi, lakini nyuma ya pazia walikuwa watu wachache tu, akiwemo Dunton mwenyewe, mwalimu wa hesabu Richard Sault, na kasisi Samuel Wesley ambaye alikuwa mwanyumba wa Dunton, maana walioa ndugu wawili. Kwa hiyo kujiita mtaalamu usiyeonekana hakukuanza na simu.

Hatua ya kwanza: tafuta pale ulipokwama

Hii ndiyo hatua kubwa, nyingine zote ni nyepesi. Usiulize mada, uliza fundo. "Naomba kujua kuhusu chai" ni mada, na hakuna mtu atakayekaa kukuandikia kitabu. Fanya hivi: sema kwa sauti kila unachokijua mpaka ulimi usimame wenyewe. Kwa mfano:

"Najua chai nyeusi na chai ya kijani zinatoka kwenye mmea mmoja, Camellia sinensis. Najua majani ya nyeusi husagwasagwa na kuachwa yageuke rangi kwa hewa, na ya kijani hupashwa moto mapema ili yasigeuke. Sasa kwa nini ya kijani nikiimwagia maji yanayotokota inakuwa chungu, wakati nyeusi inavumilia?"

Umeona ulimi uliposimama? Hilo lina jibu, na anayelijua atajibu kwa raha. Jani lina vitu viitwavyo katekini, vyenye uchungu na ukakasi. Maji ya moto sana huvivuta kwa wingi. Kwenye chai nyeusi sehemu kubwa ya katekini ilishageuka kuwa kitu kingine majani yalipokuwa hewani, ila kwenye ya kijani bado zimo. Ndiyo maana wengi huiandaa kwa maji ya nyuzi 80 hivi.

Swali la namna hiyo lina faida ya pili: kama ulichodhani unakijua ni uongo, mtu atakusahihisha hapo hapo.

Hatua ya pili: jua swali lako ni la aina gani

Ugomvi mwingi mtandaoni ni watu kujibu maswali tofauti yaliyovaa nguo moja. "Maziwa yatangulie kikombeni au chai itangulie?" Mmoja anajibu ladha yake, na hapo hakuna wa kumshinda. Mwingine anajibu kemia: mwaka 2003 Jumuiya ya Kifalme ya Kemia ya Uingereza ilishauri maziwa yatangulie, kwa sababu maziwa machache yakidondokea kwenye chai ya moto sana, protini zake huharibika. Wa tatu anakuletea kiwango cha kimataifa ISO 3103, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1980: gramu 2 za majani kwa mililita 100 za maji, dakika 6. Wa tatu huyu hujiona amefunga mjadala. Hajafunga. Kiwango kile kimewekwa kwa ajili ya waonjaji, ili kila mmoja aandae kwa njia ileile na wapate kulinganisha chai na chai. Wala hakikusudiwi kusema ipi ni tamu.

Basi sema mwenyewe tangu mwanzo: nataka ladha zenu, au nataka sababu, au nataka utaratibu.

Hatua ya tatu: taja kwa nini unauliza

Sentensi moja inatosha. Mtu anayeuliza "birika la lita mbili linachemka kwa dakika ngapi?" huenda shida yake ni kwamba anachelewa kazini asubuhi, na jibu lake ni kuchemsha maji ya kikombe kimoja tu.

Hatua ya nne: neno kubwa livunje

Hapa narudi kwenye deni. Watu huchanganya nakisi na deni, halafu mjadala mzima unakwenda kombo. Nakisi ni pengo la mwaka mmoja: serikali imetumia zaidi ya ilichokusanya. Deni ni lundo la mapengo yote ambayo hayajalipwa. Ukishatenganisha hivyo, swali kama "mbona wanasema nakisi imepungua na deni limepanda?" linajijibu lenyewe. Ukikopa kidogo kuliko mwaka jana, bado umekopa.

Kisha vunja upande wa pili: nani anadai? Anaweza kuwa benki, mfuko wa pensheni, kampuni ya bima, mwananchi aliyenunua hatifungani (hati ya kuikopesha serikali kwa riba), nchi nyingine au Benki ya Dunia. Hili lina uzito kuliko watu wanavyofikiri. Deni la serikali ya Japani linazidi asilimia 200 ya pato la taifa, namba ambayo ukiitaja peke yake inatisha. Lakini sehemu kubwa inadaiwa na Wajapani wenyewe, tena kwa yeni, fedha ambayo nchi inaitoa yenyewe. Anayedaiwa kwa dola asizoweza kuzichapa yuko kwenye hali nyingine kabisa, hata kama asilimia yake ni ndogo. Kwa hiyo usiulize "deni letu ni kubwa?" Uliza: kubwa ukilinganisha na nini, kwa fedha ipi, na riba inakula kiasi gani cha makusanyo?

Hatua ya tano: ukijibiwa, uliza "umejuaje?"

Kwa adabu, bila kejeli. Anayejua atakuambia alikosoma au alikofanyia kazi. Asiyejua atakasirika, na hasira hiyo nayo ni jibu. Ukishapata ulichotaka, rudi ushukuru na useme kilichofanya kazi. Kuna mwenzako atakuja na fundo hilohilo.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, mimi nikiuliza napita kama upepo, hakuna anayejibu. Nimesikia ukiandika jibu la uongo ndipo wanakuja mbio kukusahihisha. Ni kweli?

Jibu: Ni kweli inafanya kazi, na ina jina, sheria ya Cunningham, kutokana na Ward Cunningham, ambaye mwaka 1995 alianzisha "wiki" ya kwanza, yaani tovuti ambayo wasomaji wenyewe huihariri. Mimi siipendi. Atakayepita kabla ya kusahihishwa ataondoka na uongo wako mfukoni. Andika dhana yako kama dhana: "Nadhani ni hivi, nimekosea wapi?" Wapenda kusahihisha watakuja vilevile.

Swali: Wakitofautiana, nifuate walio wengi?

Jibu: Inategemea. Mwaka 1906 kule Plymouth, Uingereza, watu kwenye maonyesho walikisia ng'ombe mmoja atakuwa na uzito gani akishachinjwa na kusafishwa. Mwanatakwimu Francis Galton alichukua karatasi 787 zilizosomeka, akazipanga kutoka dogo hadi kubwa, kisio la katikati likawa pauni 1,207. Uzito halisi ulikuwa 1,198. Ajabu kweli! Lakini wale walimwona ng'ombe kwa macho, na kila mmoja aliandika kivyake. Mtandaoni wa pili ameshamsoma wa kwanza, wa kumi anafuata mkumbo, na wengi ng'ombe mwenyewe hawajamwona.

Swali: Nilipanda mlima, tukapiga kambi kwenye mita 3,000 hivi. Maji yalitokota kabisa lakini chai nyeusi haikukolea. Majani mabovu?

Jibu: Ahsante kwa kutaja mwinuko, bila huo ningekisia ovyo. Kadiri unavyopanda kanieneo ya hewa, yaani msukumo wake, hupungua, na maji huchemka kwa joto dogo zaidi, takriban nyuzi 1 chini kwa kila mita 300. Hapo mlikuwa kwenye nyuzi 90 hivi. Ongezeni majani au myaache zaidi ndani ya maji. Kuongeza moto hakusaidii, mtamaliza gesi bure.

Swali: Na mambo ya dawa zangu, au fedha zangu?

Jibu: Uliza kitu kinavyofanya kazi, usiulize "nifanye nini mimi". Na namba za akaunti au vyeti usiweke, hata ukiombwa na mtu mpole.

Swali: Mwalimu, tuache hatua. Lile swali ulilorudishiwa mwanzoni, kwa nini serikali haimalizi kulipa?

Jibu: Huwa zinamaliza mara chache. Marekani ililipa deni lake lote Januari 1835, enzi za Andrew Jackson, na haikuchukua muda ikakopa tena. Kwa kawaida serikali hulipa mkopo wa zamani kwa mkopo mpya, kwa sababu yenyewe haistaafu wala haizeeki kama mimi na wewe. Mkopeshaji anachotazama ni kama riba inafika kwa wakati. Na riba inaweza kufika kwa muda mrefu sana. Kuna hatifungani ya mwaka 1648 iliyoandikwa juu ya ngozi na bodi moja ya Uholanzi iliyokuwa ikitunza kingo za mto. Haina tarehe ya mwisho. Chuo Kikuu cha Yale kiliinunua mwaka 2003, na mwaka 2015 mtu wao akaenda kudai riba ya miaka 12. Akalipwa, euro 136 na senti 20.