Somo: Kuanzisha kikundi cha matembezi na khidma (kujitolea kwa jamii) Dodoma

Assalaam alaykum. Mji umejaa wageni tangu serikali ihamie huku. Mtu anaswali Ijumaa Msikiti wa Gaddafi, anatoa salamu kulia na kushoto, na hamjui aliyekaa ubavuni mwake. Tunakutana kwenye maziko tu. Kwa wanaouliza waanzie wapi:

Hatua ya 1. Anzeni wachache, bila katiba. Vikundi vingi hufia kwenye kumtafuta mweka hazina. Ila imamu wenu aambiwe mapema, asije akazisikia habari zenu mtaani.

Hatua ya 2. Tembeeni. Mlima Simba baada ya Alfajiri unatosha: mnapanda jua halijawa kali, chai na karanga juu, mnashuka. Akitokea wa kusema dini haina michezo, mkumbusheni kwa upole kwamba Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na Bi Aisha.

Hatua ya 3. Chagueni kazi moja, na hapa ndipo penyewe. Mvua zetu hunyesha takribani Desemba hadi Aprili, basi. Tangu kampeni ya kuifanya Dodoma ya kijani ianze mwaka 2017, kupanda miti na kupiga picha tumekuwa hodari. Kazi iko Agosti, upepo unapuliza vumbi na mche umebaki na majani mawili. Kwa hiyo pandeni michache, kwenye shule au zahanati yenye maji, kwa ruhusa ya wenyewe na ya serikali ya mtaa. Mwarobaini na mgunga huvumilia ukame. Zungushieni miiba, mbuzi wa huku hawana adabu.

Kisha pangeni zamu za kumwagilia, wawili wawili, na marafiki msiwaweke pamoja. Fundi pikipiki na mhasibu wa wizarani wakibeba madumu kila Jumamosi jioni mpaka mvua irudi, watajuana kuliko kwa mihadhara. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba anachopanda Muislamu, akala humo ndege, mtu au mnyama, ni sadaka kwake. Sasa mche uliokauka Juni utamlisha nani?

Hatua ya 4. Mvua zikirudi, kodini Coaster mwende Kolo, Kondoa, mkaone michoro ya mapangoni. UNESCO iliiingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, na wengi wetu hatujaiona.

MASWALI YA WANACHAMA

Dada, Area C: Mume wangu anasita, anahofia mchanganyiko wa wanaume na wanawake.
Jibu: Dada yangu, hofu yake ina msingi. Akina dada wawe na kiongozi wao na zamu zao. Mlimani mpande kifamilia. Mwambie aje ajionee, na tutampa jembe.

Mwanafunzi, UDOM: Ustadhi, tukienda Kolo tunaswalije?
Jibu: Ni zaidi ya kilomita 150 kutoka mjini, hivyo mnaweza kupunguza Adhuhuri na Alasiri na kuzikusanya. Mkiishia Bwawa la Hombolo, ni karibu, swalini kamili. Kibla kutoka huku ni kaskazini, mkiegemea mashariki kidogo. Na maji ya udhu mbebe: tayamamu, yaani kujitwaharisha kwa udongo maji yakikosekana, si ya mvivu wa kubeba dumu.

Mzee, Nkuhungu: Jirani yangu Mkristo anataka kuja kumwagilia. Inafaa?
Jibu: Shikamoo mzee wangu. Inafaa sana, aje. Apangiwe zamu ya siku ya Iddi, maana sisi wengine tutakuwa kwenye pilau.